Mbuzi Huyu au Mbuzi Hii? Mwongozo Kamili wa Kuchambua Sanamu ya Mnyama Iliyoundwa kwa Vitu Mchanganyiko

Wanafunzi wangu wa Jumamosi wamenichosha na sentensi moja. Kila nikiwapeleka kutazama sanamu iliyoundwa kwa champali, mabati na vyuma chakavu, wananirudishia hii: "Sanamu hii inatufundisha kutunza mazingira." Wameiandika kuhusu kasa, wakaiandika kuhusu twiga, wakaiandika kuhusu kunguru. Juzi mmoja kaiandika kuhusu mbuzi ambaye hata hakumzunguka. Alimpiga picha ubavu mmoja, akaenda zake kununua mabuyu.

Sidhani ni uvivu. Wanarukia maana kabla ya kujua kilicho mbele yao ni nini. Hapa nimepanga kazi yote kwa hatua tisa, na mfano wangu ni huyo huyo mbuzi. Yuko katika karakana moja Kisauni, Mombasa, na fundi aliyemuunda hapendi jina lake litajwe.

## Utakavyohitaji

- Daftari lisilo na mistari na penseli mbili, HB ya kuandika na 2B ya kuchora vivuli.
- Utepe wa fundi cherehani, ule wa sentimita 150. Wa seremala ni chuma, unakwaruza.
- Tochi. Ya simu yatosha.
- Sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa. Yangu niliitoa kwenye spika iliyokufa.
- Kipande cha chaki.
- Picha tatu au nne za mnyama mwenyewe akiwa hai: ubavuni, mbele na nyuma.
- Saa mbili zisizo na haraka.
- Ruhusa. Kwenye makumbusho huna haki ya kugusa chochote, basi sumaku na chaki ziache mfukoni. Karakanani muulize mwenyewe, na akikataa shukuru na uendelee kwa macho.

## Hatua ya 1: Fika mapema, ukae kimya

Nenda kabla ya saa tatu asubuhi, au baada ya saa kumi jioni. Mombasa iko kama nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta, na jua la adhuhuri linapiga utosini. Kivuli kinajificha chini ya tumbo la sanamu, mbavu zinakuwa bapa, na nusu ya kazi ya fundi inapotea. Jua la ubavuni linatoa kila shimo na kila kovu.

Ukifika, usisome kibandiko. Kaa dakika kumi. Kisha andika sentensi moja tu, jambo la kwanza lililokugusa, hata kama ni la kipuuzi. Mimi niliandika: "Huyu mbuzi ana njaa." Ikunje karatasi, uiweke. Utaihitaji katika hatua ya nane, na ukiiandika baada ya kuzungumza na fundi haitakuwa yako tena.

## Hatua ya 2: Chora pande nne, upime

Chora mbele, nyuma, kushoto na kulia, dakika tano kila upande. Uzuri wa mchoro si hoja. Mkono ukichora, jicho halina budi kuamua mguu unaanzia wapi na kamba inapita juu ya nini. Kamera haikulazimishi kuamua chochote.

Kisha pima kimo begani, urefu kutoka pua hadi mkia, na upana wa kifua. Mbuzi wa Kisauni ana kimo cha sentimita 71. Mbuzi wa jirani yangu, mpole aliyekubali kupimwa kwa ganda la ndizi, ana 58. Hapo tayari una jambo: sanamu ni kubwa kuliko mnyama, lakini ni kwa kiasi ambacho hukigundui mpaka upime.

Onyo: picha ya simu iliyopigwa karibu inavimbisha kichwa na kukondesha miguu. Rudi nyuma mita tatu, kisha uvute kwa lenzi. Nimeshasoma kurasa mbili za mwanafunzi akieleza "kichwa kikubwa chenye kiburi" ambacho kiliumbwa na simu yake.

## Hatua ya 3: Andika orodha ya vitu, kimoja kimoja

Hapa ndipo wengi wanapoanguka, basi twende polepole.

Gawa ukurasa safu tatu. Ya kwanza: hiki ni kitu gani? Ya pili: kabla ya kuja hapa kilikuwa kikifanya kazi gani? Ya tatu: sasa ni kiungo gani cha mnyama? Yangu ilisomeka hivi:

- Mbuzi ya nazi, kibao na chuma chake / kukuna nazi / kibao ni mgongo, chuma ni shingo na uso, meno yake ni mdomo.
- Kapu la ukindu lililotobolewa chini / kubebea vitu sokoni / mbavu na tumbo.
- Vipande vinne vya nondo / ujenzi / miguu.
- Usumba / kamba / manyoya ya ubavuni na ndevu.
- Vifuu viwili / vingeweza kuwa pawa / kiwele.
- Champali nyekundu zilizokatwa / kuvaliwa / kwato.
- Vizibo viwili vya soda / kufunika chupa / macho.
- Ukanda wa leso / kuvaliwa / umefungwa shingoni.

Kitaje kitu kwa jina lake la nyumbani na sokoni. "Plastiki" haitoshi, je, ni kifuniko cha ndoo, mpini wa mswaki au dumu la mafuta? "Nyuzi za asili" ndiyo nini? Ni usumba, ni mkonge, ni ukili au ni miyaa? Jina sahihi linabeba na historia yake: anayejua usumba anajua kwamba makumbi yalilowekwa na kupondwa kabla ya kuwa uzi.

Safu ya pili ndiyo inayotofautisha sanamu ya vitu mchanganyiko na ile ya mpingo au mwarobaini. Gogo halikuwa na kazi nyingine ukumbini mwa mtu. Kapu lilikuwa nayo.

### Usiliamini jicho peke yake

Watu wazima na akili zao husimama chini ya Pembe za Ndovu, zile pembe kubwa zinazovuka barabara ya Moi Avenue mjini Mombasa, wakidhani wako chini ya jiwe au mbao. Ni alumini. Mchongaji wa Marekani Deborah Butterfield anaunda farasi ambao ungeapa ni matawi makavu yaliyookotwa ufukweni. Wengi wao ni bronzi iliyosubiwa na kupakwa rangi ya mti. Ukiandika "mbao" kuhusu farasi huyo, kila kitakachofuata kitakuwa cha uongo.

Basi hakikisha. Sumaku inanasa chuma cha kawaida, lakini hainasi alumini, shaba wala bronzi. Kutu nyekundu ni chuma. Ukijani ni shaba au ndugu zake. Unga mweupe mara nyingi ni alumini iliyoliwa na chumvi, na hewa ya bahari hapa kwetu hailii kwa hisani. Gonga kwa ukucha, kama umeruhusiwa: kifuu hulia kikavu, plastiki huguna.

Kuna sanamu ambazo mnyama mwenyewe ni safu moja ya orodha. Katika *Monogram* ya msanii wa Marekani Robert Rauschenberg, ya mwaka 1955 hadi 1959, yuko mbuzi wa Angora wa kweli, aliyekaushwa na kujazwa, amevishwa tairi kiunoni. Hapo huandiki "umbo la mbuzi". Unaandika "mbuzi", kisha unajaza safu ya pili kama kawaida.

Utajua umefaulu pale ambapo mtu asiyeiona sanamu ataweza kuchukua orodha yako, aende sokoni na kwa muuza vyuma chakavu, arudi na vitu vyenyewe bila kukuuliza lolote.

## Hatua ya 4: Fuata viungio

Piga magoti, washa tochi, utafute mahali kitu kimoja kinapokutana na kingine. Kimechomelewa? Kimepigiliwa msumari? Kimeshonwa, kimegundishwa, kimefungwa waya, au kimekalia tu kwa uzito wake?

Viungio vinasimulia mambo mawili. Kwanza, mpangilio wa kazi. Kwa mbuzi wetu, mshipi wa kuvulia unapita chini ya kibao na kurudi juu ya ukingo wa kapu, kwa hiyo kibao kilikuwepo kabla ya kapu. Usumba umefungwa juu ya mshipi, basi manyoya yalikuja mwisho. Pili, vinakuambia fundi anataka uone nini. Mshono wa kuchomelea kwenye miguu haukupigwa grainda. Matone ya chuma yamebaki kama nta ya mshumaa. Ubavuni, lakini, kila fundo la mshipi limefichwa chini ya usumba. Mkono mmoja umeacha huku wazi na kufunika kule. Liandike hilo bila kulieleza bado.

Wachongaji wa chuma chakavu kama Kioko Mwitiki wa hapa Kenya huacha vipande na mishono viwe ngozi ya ndovu. Kinyume chake ni mbuzi jike wa Picasso wa mwaka 1950. Naye mbavu zake ni kapu, kiwele chake vyungu, mgongo wake kuti la mnazi au jamaa yake, ila vyote viliunganishwa kwa plasta, kisha ikasubiwa bronzi. Katika bronzi hakuna kiungio: kapu na chungu vimekuwa mwili mmoja. (Fundi wa Kisauni anaapa hakuwa amewahi kuiona. Namwamini. Anayetafuta mbavu katika vitu vya nyumbani, kapu litamjia tu.)

Onyo: usichanganye kazi ya fundi na matengenezo. Waya unaong'aa kati ya nyaya zenye kutu pengine ulitiwa jana baada ya mtoto kumpanda mbuzi.

## Hatua ya 5: Mlinganishe na mnyama aliye hai

Toa zile picha. Kwa mbuzi huhitaji hata picha, teremka Mji wa Kale utawakuta wamelala barazani. Kwa twiga, kiboko au kobe, nenda Haller Park kule Bamburi ukae nao nusu saa.

Usiandike "fundi ametia chumvi". Sema wapi na kiasi gani. Mbuzi wetu ana magoti ya mbele sahihi kabisa, yaliyopinda yanapostahili kupinda. Masikio hana. Shingo ni fupi kuliko ya mbuzi wa kweli, kwa sababu chuma cha mbuzi ya nazi ndivyo kilivyo, na fundi hakukirefusha. Hapo mnyama amekitii kifaa. Kwenye magoti, nondo imepindwa kwa moto ikamtii mnyama. Tafuta mahali kama hapo: nani kamtii nani?

Chungulia pia inavyosimama. Mbuzi wetu amekanyaga kwa miguu mitatu. Wa nne, champali yake haigusi sakafu kwa upana wa kidole.

## Hatua ya 6: Jaribio la huyu na hii

Hatua hii sijaikuta kwa mtu. Niliipata kwa kuwasikiliza wanafunzi wakibishana, na kwa Kiswahili inafanya kazi kuliko mbinu nyingine zote ninazozijua.

Lugha yetu haimruhusu msemaji kukaa katikati. Mtu au mnyama ni *huyu*, *anatazama*, *amesimama*. Kitu ni *hii*, *inatazama upande wa mlango*, *imesimamishwa*. Kwa hiyo ulimi wako unaamua kabla akili haijaamua. Jaribio ni kuunasa ulimi ukibadilika.

Anza mita tano kutoka kwenye sanamu. Mwenzako ashike chaki. Sogea polepole ukieleza kwa sauti unachokiona, kama unayemsimulia mtu kwa simu. Usichague maneno. Pale utakapotoka "ana" ukaingia "ina", mwenzako apige alama sakafuni. Rudia kutoka pande nane, kisha unganisha alama kwa mstari.

Kwa mbuzi wa Kisauni, mstari uligusa karibu sana ubavuni, sentimita 60 hivi: mpaka hapo bado alikuwa *huyu*, mwenye manyoya. Nyuma ulikuwa kama mita moja. Mbele ulikimbia hadi karibu mita mbili. Nilikuwa nikisema "ananitazama, ana ndevu, ana..." na mara: "hii ina meno makali." Kinachotangulia kuvunjika ni uso.

Na mbuzi ana utamu wake zaidi, maana jina ni moja. Mbuzi huyu analia, mbuzi hii inakuna. Pengine wazee waliona ulimi wa chuma uliochomoza mbele ya kibao, wakakiita mnyama. Fundi amefanya safari ya kurudi.

Onyo: usiishie kwenye mzaha wa jina. Mwanafunzi mmoja aliandika aya tatu juu ya neno "mbuzi" na hakutaja hata nondo. Jaribio linakupa mahali, na mahali hapo lazima paelezwe kwa hatua ya tatu na ya nne. Kwetu maelezo yanapatikana: ubavuni usumba umefunika kila fundo, usoni hakuna hata unyuzi.

## Hatua ya 7: Soma kibandiko, kisha mfuate fundi

Kibandiko kitakupa jina la kazi, mwaka na vipimo. Kwenye vifaa kitasema "vitu mchanganyiko", nawe unacho zaidi ya hicho.

Fundi akiwepo, usimuulize "unamaanisha nini?" Atakujibu kwa maneno aliyokwisha kuwaambia watalii. Muulize: Ulianza na kipande gani? Kipi kilikusumbua? Kipi ulikitoa baada ya kukitia? Maswali haya yalinisaidia kuepuka aibu, japo nilichelewa kuyauliza. Nilikuwa nimeshaandika kwamba chuma cha mbuzi kiliokotwa jaani.

"Jaani wapi, mwalimu?" akaniuliza. "Hicho nimekinunua Marikiti. Kipya. Cha zamani kilikuwa kimekatika."

Nikatazama tena. Meno yalikuwa makali, bila kutu, na misumari iliyokishika ilikuwa inang'aa kwenye kibao cheusi cha kale. Yote hayo nilikuwa nimeyaona nikayaruka, kwa sababu tayari nilikuwa na hadithi ya taka kichwani.

## Hatua ya 8: Dai mambo matatu, si zaidi

Sasa ndiyo ruhusa ya maana. Tumia muundo huu mpaka uzoee: *Naona kitu fulani, kilichokuwa kikifanya kazi fulani, kimewekwa mahali fulani kwa namna fulani, kwa hiyo nadai...* Sentensi isiyoweza kuingia humo, ifute.

Kuhusu mazingira: wakati mwingine dai hilo ni halali. Ocean Sole, hapa hapa Kenya, hukusanya champali zilizotupwa na bahari, huzigundisha ziwe bonge, kisha huchonga bonge hilo liwe kasa, simba au twiga. Safu ya pili ya orodha yao inasema "taka ya ufukweni", na rangi za vipande zinaliweka hilo wazi. Lakini mbuzi wetu ana chuma kilichonunuliwa kipya. Anayemwita taka anamsingizia.

Leso nayo ina mtego. Ukanda wa shingoni umekatwa katikati ya jina, yaani yale maneno yanayoandikwa kwenye leso, na lililobaki ni neno moja, JIRANI. Wanafunzi waliliona wakajenga ghorofa nzima juu yake. Nilipomuuliza fundi, alisema alikata pale ambapo kitambaa hakikuwa kimechanika. Neno liko, wasomaji wataliona, na una haki ya kusema linafanya nini kwa mtazamaji. Huna haki ya kusema lilikusudiwa.

Sasa ikunjue ile karatasi ya hatua ya kwanza. "Huyu mbuzi ana njaa." Je, ushahidi upo? Upo: mdomo ni meno matupu ya kukunia, na tumbo ni kapu lililotobolewa chini, ambalo haliwezi kujaa. Hisia yangu ya dakika ya kumi ilikuwa sawa, ila wakati huo nisingeweza kuitetea.

## Hatua ya 9: Andika, kisha umsomee mtu wa jikoni

Anza na unachokiona kutoka mbali, sogea karibu, na dai lije baada ya ushahidi wake. Maneno mia nne hadi mia sita yatosha. Tazama tofauti.

Dhaifu: "Sanamu hii inavutia sana na imetumia vifaa mbalimbali kuonyesha umuhimu wa mbuzi katika jamii."

Imara: "Ubavuni usumba umeficha kila fundo, na mbuzi anapumua. Mbele hakuna kilichofichwa: chuma kipya cha kukunia nazi kimepigiliwa kwenye kibao cha kale, na umbali wa mita mbili tu uso wake unakuwa kifaa. Chini yake kapu limetobolewa. Kinachokuna hakishibi."

Ukimaliza, usimsomee msanii mwenzako. Msomee mtu aliyevitumia vitu vyenyewe. Mimi nilimsomea shangazi yangu, akiwa anachambua mchele. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Na anayekuna amekaa wapi?"

Nilikuwa nimeandika kwamba kibao ni mgongo. Sikuwa nimeandika kwamba ni kiti. Jumamosi iliyofuata nikarudi Kisauni na tochi, nikaimulika kwa ubavuni. Katikati kibao kimebonyea kidogo, na mahali hapo kimelainika kuliko kwingine kote, kama kizingiti cha nyumba ya zamani. Kwenye safu ya pili, palipoandikwa "kukuna nazi", nikaongeza neno moja: kukaliwa.